Kandili Mchana Kweupe

Mzee Alfonsi Komba aliandika maneno mawili ubaoni, moja juu na jingine chini yake, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kulia aliojifunza shule ya usiku. Kisha akarudi nyuma hatua mbili kuyatazama, kama fundi anavyoutazama ukuta aliomaliza kuupiga lipu. Juu aliandika *lost*. Chini akaandika *missing*.

"Haya," alisema. "Kiswahili chetu kimeyatia maneno haya kapu moja: kupotea. Waingereza wameyatenga. Nani ataniambia tofauti?"

Wanafunzi wake saba walikuwa wamebanana kwenye mabenchi mawili ya barazani, watu wazima wote, kila mmoja na daftari lake. Kila Jumamosi saa nane mchana walikuja hapa Chanika, kwenye nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na miwili, tofali baada ya tofali, kabla hajahama Tandale.

"Mie najua moja, mwalimu," alisema Brightson, dereva wa bodaboda, helmeti mapajani. "*Missing* ndiyo ile ya kwenye simu. Mtu anakubipu, unakuta *missed call*."

Benchi zima likacheka.

"Wewe na hiyo simu yako mtazikwa pamoja," alisema Mzee Alfonsi, naye akatabasamu kidogo. "Sikilizeni. *Lost* linamtazama aliyepotea. Yeye ndiye hajui njia; amesimama njia panda, kichwa kinamzunguka. *Missing* halimtazami yeye. Linawatazama waliobaki nyumbani. Chakula kimepakuliwa, sahani ipo, mwenye sahani haonekani."

Tupokigwe, fundi cherehani, ambaye hata darasani alikuja na tepu ya kupimia shingoni, alinyoosha kidole. "Sasa mwanaume aliyejichimbia kwa nyumba ndogo, huyo ni lipi?"

"Huyo ni *missing*. Yeye njia anaijua vizuri sana. Asiyejua alipo ni mkewe."

"Mkewe anajua, mwalimu. Anamngoja tu arudi amwonyeshe."

Wakacheka tena. Brightson akauliza, "Na yule aliyepotea, halafu nyumbani hakuna hata mmoja anayemngoja?"

"Huyo ni *lost* peke yake. Hana wa kumwita *missing*."

Wakanyamaza kidogo, wakaandika. Mzee Alfonsi alikipenda kimya cha namna hiyo. Ndicho kilichomwonyesha kuwa neno limeingia. Lakini katika kimya hicho masikio yake yalitafuta kitu uani, na hayakukipata. Mchi ulikuwa hautwangi.

Hiyo ilikuwa siri ya Jumamosi zake. Kabla darasa halijaanza alimwekea mkewe, Bernadeta, kinu na karanga kule uani. Bernadeta alitwanga polepole, du, du, du, na Mzee Alfonsi alifundisha sikio moja likiwa barazani na jingine kinuni. Mchi ukilia, mke yupo. Mchi ukinyamaza, alitoa kisingizio cha kwenda kunywa maji.

"Andikeni sentensi mbili kwa kila neno," alisema. "Nakwenda kunywa maji."

Uani alikuta kinu kimesimama na mchi umeegeshwa ukutani vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi yake kwa amani. Sufuria ya maharage ilikuwa inachemka jikoni, haina mtu. Waya aliokuwa akiuzungusha mara tatu kwenye mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa, umekunjwa, umewekwa juu ya jiwe.

Aliingia chumbani. Akaangalia chooni. Akaita kwa sauti ya chini, "Mama Noela," wasije wa barazani wakasikia. Alirudi chumbani akasimama katikati. Kulikuwa na kitu kimepungua ukutani. Alikitazama kile kipande cha ukuta chenye msumari mtupu, lakini akili ilikataa kumwambia kwenye msumari ule kulining'inia nini.

Mwaka mmoja na nusu sasa alikuwa anaificha habari hii. Bernadeta alianza kwa kutia chumvi kwenye chai. Halafu akaanza kuuliza watarudi lini Tandale, akauze mihogo yake sokoni. Siku nyingine alimwita Mzee Alfonsi kwa jina la kaka yake aliyekufa Songea. Majirani waliambiwa ana presha. Binti yao Noela, aliyeolewa Mwanza, aliambiwa mama hajambo ila amelala. Mzee Alfonsi alikuwa mtu wa kuwasomea na kuwaandikia watu barua. Nusu ya mtaa ilipitisha makaratasi yake mikononi mwake. Hakuweza kuvumilia mtaa huo huo useme mke wa mwalimu amerukwa na akili.

Alirudi barazani. "Darasa limekwisha," alisema.

"Mwalimu, hata saa tisa na nusu bado."

"Nimesema limekwisha."

Walifunga madaftari, wakamtazama, wakatazamana. Alisubiri mpaka wa mwisho alipokata kona, ndipo akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alikwenda kwanza njia ya kanisani, halafu njia ya mashamba ya mihogo. Aliyekutana naye alimsalimia, "Shikamoo mwalimu," naye akajibu "Marahaba," akapita haraka kama mtu anayewahi kikao. Hakumuuliza yeyote. Kila alipotaka kuuliza, aliona kwamba akimuuliza mmoja, atakuwa amewauliza wote.

Alifika kwenye mashimo ya mchanga. Malori yalichimba hapo miaka mingi yakaondoka, na masika yaliyajaza maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kingo zake zilikuwa laini. Mwezi uliopita mbuzi wawili walizama hapo mchana. Mzee Alfonsi alisimama mbali kidogo na ukingo, akayatazama maji yaliyotulia. Alitaka kuita jina la mkewe kwa nguvu. Akaita kwa sauti ya mtu anayeongea na aliyekaa jirani yake. Maji hayakujibu. Upande wa Pugu wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi.

Ilipofika saa kumi na nusu alirudi nyumbani jasho likimtoka, na akafanya lile ambalo maisha yake yote lilikuwa limemwokoa: aliketi mezani, akachukua karatasi, rula na kalamu. Ataandika tangazo. Atalibandika stendi na kituo cha polisi. Na kwa kuwa ni tangazo la maana, ataliandika kwa Kiingereza.

Akaandika kwa herufi kubwa: LOST.

Akalitazama. *Lost* linamtazama aliyepotea. Likisomwa, litasema Bernadeta hajui njia, kichwa chake kimeharibika. Alikata mstari. Akachukua karatasi nyingine, akaandika MISSING. Hili nalo lilimtazama yeye. Lilisema mke alikuwa mikononi mwa mume, mume akageuza kisogo akifundisha watu kizungu. Akalikata pia. Akafungua kamusi, akasoma maana zote, ya kwanza, ya pili mpaka ya tano. Hakukuwa na neno lililowasitiri wote wawili.

Karatasi ya tatu aliacha nafasi ya kichwa wazi, akaanza na maelezo. Jina. Umri, miaka sabini na mmoja. Nguo aliyovaa.

Kalamu ikasimama. Alikuwa amevaa nini? Asubuhi walikunywa chai pamoja. Alimkatia mkate, akamkanya asimwage. Alikuwa amevaa nini? Kitenge kipi? Alifumba macho amwone, akamwona akiwa na miaka thelathini, mbele ya sinia la mihogo, anacheka. Wa asubuhi ile hakumpata. Hapo ndipo woga ulipomshika hasa, kwa sababu alijua kwamba hata akiambiwa sasa hivi aende kuutambua mwili, hatajua aangalie nguo gani.

"Hodi, mwalimu. Nimesahau daftari." Tupokigwe alikuwa mlangoni. Pua yake ikacheza. "Maharage yanaungua. Mama yuko wapi?"

"Amelala."

Tupokigwe alisogea mezani, akatazama karatasi tatu, akayasoma yale maneno mawili yaliyokatwa. Uso ukambadilika.

"Ametoka saa ngapi?"

"Nani amesema ametoka?"

"Mwalimu wangu, usinifanye mtoto. Ametoka saa ngapi?"

Mzee Alfonsi alifungua kinywa akikusudia kumkemea. Kilichotoka ni, "Sijui."

"Na hili tangazo unamwandikia nani? Mie mwanafunzi wako mwaka wa pili huu, nimeelewa nusu. Wachoma matofali wa kule bondeni wataelewa nini? Wao ndio wenye macho njiani."

"Sitaki watu wajue."

Tupokigwe alivuta kiti akakaa, ingawa hakukaribishwa. "Watu wanajua, baba. Mama amekuja kwangu mara nne kuuliza njia ya Tandale sokoni. Nimemrudisha mwenyewe kwa mlango wa nyuma, nikazungusha waya mara tatu kama ulivyouacha. Brightson amemrudisha kutoka stendi. Yule mama wa genge tunayesoma naye amemrudisha sijui mara ngapi. Tulisema, mwalimu hapendi liongelewe, basi tusiliongelee."

Mzee Alfonsi alimtazama kama mtu aliyefunguliwa dirisha akiwa anaoga.

"Basi kwa nini leo hakurudishwa?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtoto.

"Leo Jumamosi," alisema Tupokigwe taratibu. "Sote tulikuwa barazani kwako."

Ngurumo ya kwanza ikapita juu ya bati. Tupokigwe akasimama. "Twende kwa Mzee Ismail. Spika ya msikiti inafika mpaka ng'ambo ya mashimo."

Mzee Ismail, muadhini wa msikiti wa mtaa, alikuwa Mzaramo na mtani wa Mzee Alfonsi, Mngoni. Tangu Alfonsi ahamie Chanika hawakuwahi kukutana bila kutupiana maneno. "Mngoni," Ismail angesema akimwona tu, "hiyo kamusi yako ukifa tutakuzika nayo, ukamfundishe Izraili kizungu." Naye Alfonsi angejibu kwamba Wazaramo hawaogopi kifo, wanaogopa kazi. Tena Alfonsi aliwahi kumwambia, utani nusu na kweli nusu, kwamba kutangaza kuku na mbuzi waliopotea kwenye spika ni ushamba. Mtu mstaarabu hubandika karatasi.

Sasa Alfonsi alikuja kwenye uwanja wa msikiti kofia mkononi, Tupokigwe pembeni, na alikuwa amejiandaa kuchomwa kwa maneno. Alistahili. Mzee Ismail alikuwa anafagia majani karibu na birika. Aliinua uso, akamtazama mtani wake kuanzia viatu vilivyojaa tope mpaka machoni. Akaegesha ufagio.

"Mama Noela?" aliuliza.

Mzee Alfonsi akaitikia kwa kichwa.

Mzee Ismail hakusema neno la utani hata moja. Hata nusu. Mtani anayekutania mpaka matangani, mpaka mbele ya jeneza la baba yako, leo alinyamaza, akavua miwani, akaifuta. Mzee Alfonsi aliona kimya kile kikimfikia kama maji baridi. Alielewa kwamba Ismail naye alikuwa amewaza mashimo.

"Njoo," alisema Ismail. "Utasema mwenyewe. Sauti yangu haijui. Yako anaijua."

Walisimama kwenye kijichumba cha pembeni chenye mashine. Ismail akabonyeza, spika zikakwaruza juu ya mapaa, akampa kipaza sauti. Mzee Alfonsi alikuwa amehutubia mahafali na vikao vya shule. Hakuwahi kukosa neno. Aliyatafuta yale mawili, akaona hayamfai kitu.

"Amepotea," alisema. Sauti yake ikatoka nje, ikaenda juu ya mabati, ikamrudia. "Mke wangu amepotea. Anaitwa Bernadeta. Mama Noela. Ni mtu mzima, mfupi, mweusi, ana kovu la moto mkono wa kulia. Anasahau. Ana ugonjwa wa kusahau, mwaka wa pili sasa. Mimi nilificha. Mkimwona msimwogope, na msimwache. Nguo... nguo sijui amevaa nini. Naomba mnisamehe, sikumtazama."

Ismail akamgusa bega amalizie. Na hapo, mbele ya kile kipaza sauti, Mzee Alfonsi akauona ukuta wa chumba chake na ule msumari mtupu.

"Kandili," alisema. "Ameshika kandili."

Kandili ile ya chuma walikuja nayo kutoka Tandale. Miaka ile anasoma shule ya usiku, vibaka walikuwa wengi vichochoroni; Bernadeta alimaliza mihogo yake, akawasha kandili, akaja kusimama kwenye lango la shule mpaka darasa litoke. Miaka mitatu hakukosa, hata mvua ikinyesha. Wanafunzi wenzake walimtania kwamba mkewe anamchunga. Ilikuwa kweli, naye aliona fahari.

"Amekwenda shule," alisema kwenye kipaza sauti, na sasa sauti ilikuwa imevunjika wala hakujali. "Amekuja kunichukua. Mama mwenye kandili mchana kweupe. Tazameni kwenye shule. Shule yoyote. Jamani, tazameni."

Shule ya msingi ilikuwa ng'ambo ya mashimo ya mchanga.

Walitoka nje. Mtaa ulikuwa umeamka. Bodaboda zilipiga honi zikielekea bondeni, wanawake walitoka na mitandio vichwani, mtu akapiga filimbi. Mvua ikaanza kwa matone makubwa, moja moja. Mzee Alfonsi alitaka kukimbia, Tupokigwe akamshika kiwiko. Simu ya Tupokigwe ikaita. Ilikuwa sauti ya Brightson, na kwa jinsi ilivyokuwa inapiga kelele Mzee Alfonsi aliisikia bila kupewa.

"Mwambie mwalimu... nipo kwenye mashimo. Kuna ndala moja hapa ukingoni. Ya buluu. Mama ana ndala za buluu?"

Tupokigwe akamgeukia. Mzee Ismail naye akamgeukia.

"Sijui," alisema Mzee Alfonsi. Alisema mara tatu. "Sijui. Sijui. Miaka arobaini na tisa, na sijui ndala zake."

Akaketi pale pale chini kwenye tope, mbele ya msikiti, na suruali yake iliyopigwa pasi. Ismail akachuchumaa kando yake. Mvua ikashika kasi. Kichwani mwake Mzee Alfonsi aliyaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakidundadunda kwa matone, akawa anahesabu pumzi zake kama mtu anayesubiri kupigwa, na alijua kwamba akiletewa habari ile hataweza kurudi kwenye nyumba yenye kinu uani.

Hawakujua zilipita dakika ngapi. Wakasikia wanawake wanaongea kwa mpigo, wote kwa pamoja, wakipandisha kutoka bondeni. Walikuwa wachoma matofali watatu, wamejitanda maturubai, na katikati yao alitembea mwanamke mfupi, mguu mmoja mtupu, kandili mkononi.

"Tulimwona tangu alasiri!" mmoja alipiga kelele akiwa bado mbali. "Tukamcheka, mama na taa juani. Si tuliposikia spika! Tumemkuta langoni shuleni amesimama, hataki kuondoka. Anasema darasa halijatoka."

Bernadeta alikuwa amevaa kitenge cha njano chenye maua meusi. Mzee Alfonsi alikitazama, akatazama kila ua. Aliinuka, akaenda, akamshika mkono wenye kovu, akaukuta baridi.

"Mama Noela."

Bernadeta alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mzee wa heshima usiyemjua. "Shikamoo," alisema. "Baba Noela ametoka darasani? Nimemngoja mpaka watu wote wamekwisha. Sijui amepatwa na nini. Vibaka ni wengi." Midomo yake ilikuwa inatetemeka, si kwa mvua tu. Alikuwa na hofu, hofu ile ile iliyomkalia mumewe jioni nzima.

Mzee Alfonsi aliona kwamba jioni ile kila mmoja alikuwa amemtafuta mwenzake.

"Ametoka," alisema. "Yuko salama. Amenituma nikupeleke nyumbani."

"Hajala?"

"Hajala."

"Basi twende," alisema Bernadeta, akampa kandili aibebe.

Mzee Ismail alisimama akijikung'uta tope. "Mngoni," alisema, "umetangaza kama kuku. Kesho ulete karatasi yako ya kistaarabu uibandike hapa mlangoni, tuone nani ataisoma."

Mzee Alfonsi alicheka huku machozi yakichanganyika na mvua, kwa kuwa mtani amerudi kutania, na mtani hatanii hivyo mbele ya maiti.

Nyumbani walimvua Bernadeta nguo zilizolowa, wakamfunika blanketi, Tupokigwe akawasha jiko upya. Mzee Alfonsi alimpigia simu Noela Mwanza, akamweleza yote tangu ile chumvi kwenye chai, wala hakumkatiza alipolia. Kisha akarudi mezani, akazisukuma kando zile karatasi tatu na kamusi.

"Nimekata vipande vya kitambaa cheupe," alisema Tupokigwe. "Nitavishona ndani ya upindo wa vitenge vyake vyote. Kesho naleta cherehani. Wewe niandikie maneno, maana mwandiko wako ni mzuri."

"Niandike nini?"

"Jina lake, na namba yako ya simu."

Mzee Alfonsi alichukua kalamu ya wino usiofutika. Kwenye kitanda, Bernadeta alikuwa ameinua kichwa anasikiliza mvua, jicho mlangoni, na kila mara aliuliza kama Baba Noela amefika. Kila mara mumewe alimjibu kuwa yuko njiani. Aliandika polepole, akilalisha herufi kulia. Alipomaliza alimtazama tena, kitenge kikavu alichovalishwa, rangi ya zambarau, na ndala aliyobaki nayo pale chini ya kitanda.

Ilikuwa ya buluu.